Baiskeli ya kike ya mtumba, gia tatu, kwa waliovuka hamsini: uzoefu wangu hapa Tanga

Nimeiendesha miezi kumi, siku tano kwa wiki, kwa ajili ya kupunguza tumbo. Ni ya mtumba kutoka Japani, ina kapu mbele na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Kwa mtu aliyevuka hamsini naipendekeza kuliko zile za milimani zenye gia ishirini na moja ambazo wengi wanazikimbilia.

Kwanza, bomba la fremu liko chini. Unapanda na kushuka bila kurusha mguu juu ya kiti, na bodaboda akikukatia njia unashuka mbele ya kiti, miguu yote miwili chini. Wanaume wanaoona haya kwa sababu ni ya kike wanajinyima bure. Pili, cheni haihami, kwa hiyo haidondoki ovyo. Ukitaka kubadili gia, acha kukanyaga pedeli kwa sekunde moja tu. Gia zikianza kuteleza, usikubali fundi afungue habu kabla ya kukagua waya. Kwenye habu ya Shimano Nexus, weka namba 2, kisha tazama kidirisha kilicho kwenye ekseli ya nyuma, upande wa kulia: alama za njano zinatakiwa zilingane. Zisipolingana, zungusha nati ya waya kidogo kidogo mpaka zikae.

Kosa ninaloliona kila siku barabarani ni kiti cha chini. Mtu anakanyaga magoti yamekunjika, wiki mbili baadaye goti linauma mbele, kwenye pia, halafu baiskeli ndiyo inalaumiwa. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Ukihamishia sehemu pana ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Likiuma nyuma, kiti kimezidi, shusha nusu sentimita. Mtu mrefu ataona nguzo ya kiti ni fupi, asiivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, anunue ndefu ya kipenyo kilekile (kwa kawaida milimita 25.4; peleka ya zamani ipimwe). Ukihisi ganzi sehemu za siri, tazama pua ya kiti. Ikielekea juu, ilaze sawa na ardhi.

Matairi ndiyo kero kubwa. Ubavuni yameandikwa 26 x 1 3/8, na muuzaji atakupa ya baiskeli ya milimani kwa sababu nayo ni 26. Haitaingia. Soma namba ndogo: hii inataka 590, ile ya milimani ni 559. Nilipopata inayofaa nilinunua mbili. Upepo ukipungua kila siku bila pancha, badilisha kimpira cha vali, maana hicho huchakaa mapema.

Breki ya nyuma, ile iliyofungiwa ndani ya kopo la bati, hupiga kelele. Usiruhusu mtu aipake oili ili inyamaze. Itanyamaza kweli, na haitakamata tena.

Hewa ya bahari inakula cheni. Kila wiki ifute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili safi kwenye kila kiungo, kisha futa ya juu. Oili chafu ya gari hukusanya mchanga.

Kuhusu mazoezi: anza na dakika 20 Raskazone, ambako ni tambarare, ongeza dakika 5 kila wiki hadi 45. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mwenye kilo 80 hutumia karibu kilokalori 350 kwa dakika hizo 45, na kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kilokalori 7,700. Hesabu inaonyesha zaidi ya wiki nne kwa kilo moja usipogusa chakula, na chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari baada ya mazoezi zinarudisha zote. Mwenye presha apime kwanza. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari.

Ukiwa tayari kwa safari ndefu, panga njia kulingana na upepo. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, nenda kwanza kusini, barabara ya Pangani, ili urudi ukisukumwa. Wakati wa kaskazi, anza upande wa Amboni. Njia ya Pongwe naiepuka kwa sababu ya malori.

Ukienda kununua, beba sumaku. Ikinasa kwenye rimu, ni chuma, na breki ya mbele itateleza mvua ikinyesha. Tafuta yenye rimu za alumini.