The Kid ya Charlie Chaplin: chunga nakala unayochukua

Kwanza angalia dakika. The Kid, filamu ya vichekesho isiyo na sauti ambamo Chaplin ni mlofa anayemlea mtoto aliyeachwa na mama yake, ina matoleo mawili tu ya kuaminika. La kwanza ni lile lililotoka Marekani mwaka 1921, lenye dakika 68 hivi. La pili ni la mwaka 1971: Chaplin mwenyewe, akiwa mzee wa miaka 82, aliipangua filamu yake ya ujanani, akakata vipande na kuitungia muziki, ikabaki dakika 53 hivi. Ukikutana na nakala inayojinadi kuwa ndiyo ile ya 1921 kamili, halafu inaisha kabla ya saa moja kutimia, ama imekatwa na mtu asiyejulikana, ama imekimbizwa.

Kukimbizwa ndiko kunakoua zaidi. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na picha zilizonaswa kwa sekunde moja kwa kawaida zilikuwa pungufu ya 24, kiwango kilichokuja kuzoeleka na filamu za sauti. Filamu ya namna hiyo ikichezwa kwa mwendo wa 24 bila kurekebishwa, watu wote wanatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, na watazamaji wengi wameshaamini kwamba ndivyo filamu za zamani zilivyo. Sivyo. Kipimo ni rahisi: mwanzoni kabisa mama anatoka hospitali akiwa amembeba kichanga. Hapo hakuna mzaha wowote, ni huzuni tupu. Kama mama huyo anadundadunda, funga, tafuta nyingine.

Kwa watoto, chukua ile ya dakika 53. Vilivyokatwa vingi vinamhusu mama na yule mwanamume aliyemtelekeza, pamoja na kukutana kwao kwenye tafrija baada ya miaka mingi. Mtu mzima anaweza kuvitaka, maana bila hivyo mama anakuwa kama mgeni kwenye hadithi yake mwenyewe. Mtoto wa miaka saba anaanza kuuliza maji ya kunywa. Toleo la 1921 limeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki huko Marekani, ndiyo maana limezagaa bure mtandaoni, na kila aliyeliweka amelibandikia kinanda anachokijua yeye. Utasikia muziki wa msibani pale watu wanapotakiwa kuvunjika mbavu. Ikikukuta hivyo, zima sauti kabisa, kwani picha zinajitosheleza.

Diski ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za zamani, ya mwaka 2016 ndiyo safi kuliko zote kwa picha: ina toleo la Chaplin la mwisho, na vile vipande vilivyokatwa vimewekwa pembeni. Tatizo ni kwamba imefungwa kwa mashine za Blu-ray za kanda A, yaani sehemu ya dunia yenye Marekani, na Afrika iko kanda B. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu zitaikataa. Usiagize kabla hujajua yako inasoma kanda gani.

Sasa, kwa nini mtu ajisumbue hivi kwa filamu isiyo na sauti wala rangi, iliyopita umri wa miaka mia?

Kwa sababu vichekesho vyake vimejengwa kwa vyombo vya nyumbani na shida ya kula, na hivyo havijapitwa na wakati. Tazama kile chumba cha darini baada ya mlofa kuokota mtoto kwenye uchochoro. Hana pesa, hana mke, hana chombo hata kimoja cha mtoto. Kichanga amelazwa kwenye kitanda cha kuning'inia cha kitambaa. Juu yake limefungwa birika kwa kamba, mdomo wa birika umevishwa chuchu, na mtoto ananyonya mwenyewe huku mlofa akikata shuka kuukuu vipande vipande vya nepi. Halafu anachukua kiti, anakitoboa katikati, anaweka chombo chini yake. Hasemi lolote wala hakonyezi kamera ili ucheke. Anafanya kazi kwa umakini wa fundi seremala, na kila mzazi aliyewahi kuamka saa tisa usiku anaelewa kiti kile ni cha nini kabla hajamaliza kukitoboa.

Ubora wa Chaplin uko hapo. Chale wa kawaida anafanya ujinga. Huyu anafanya jambo la busara kwa vifaa vya kijinga. Asubuhi nyingine, miaka mitano baadaye, mtoto ndiye anayepika: amekaanga rundo la chapati za maji, anamwamsha mzee. Mlofa anatoa kichwa kupitia tundu la blanketi lililochakaa, anasimama, na blanketi limekuwa joho la tajiri. Ufukara wao haukufichwa, wala hauombewi huruma.

Kisha kuna ile biashara ya vioo, ambayo ndiyo mtihani wangu wa kujua kama mtu ataipenda filamu hii. Mtoto anatangulia na mawe kuvunja madirisha, na dakika moja baadaye mlofa, sasa fundi vioo, anapita kwa bahati, vioo mgongoni. Angalia mkono wa mtoto: anauvuta nyuma arushe jiwe, unagusa kitu. Anaupeleka tena, unagusa tena. Anageuka taratibu, anaona koti la polisi. Jiwe analirusharusha juu kama mpira, analiacha lianguke, anarudi kinyumenyume, anatimka. Mchezo wote unakaa ndani ya sekunde chache na haukatwi katikati: mtoto na polisi wako pamoja kwenye picha moja, miguu hadi kofia. Ungekatwa vipande vya uso, mkono, uso, usingechekesha. Halafu mtoto anamkimbilia baba yake mbele ya polisi yuleyule, na baba anamsukuma kwa mguu kana kwamba hajawahi kumwona duniani.

Ndiyo maana usivutane na runinga yako. Filamu hii ni ya umbo la karibu mraba, yaani 4:3. Weusi utakaobaki pande zote mbili ni sahihi. Ukibonyeza kitufe cha kujaza skrini, ama Chaplin ananenepa, ama anakatwa miguu, na Chaplin bila miguu ni nusu mtu. Zima pia ule mpangilio wa kulainisha mwendo ambao runinga nyingi mpya hutoka nao umewashwa. Zile nakala zilizotiwa rangi na kompyuta ziache huko huko: nyuso zinakuwa na rangi ya nta, na vumbi la ule mtaa, ambalo ni nusu ya habari, linapotea.

Mtoto mwenyewe ni Jackie Coogan, aliyezaliwa Oktoba 1914. Chaplin alimwona jukwaani akicheza na baba yake, na baba huyo naye yumo humu, akiwemo kama mwizi wa mifukoni. Sioni mtoto mwingine wa filamu za enzi ile anayeigiza hivi bila kuonekana anaigiza. Pale wanapokuja watu wa kituo cha yatima na kumtupa kwenye gari, akilia na kunyoosha mikono, kicheko kinakatika nyumba nzima. Chaplin aliandika baadaye kwamba ili kilio kile kipatikane, baba wa mtoto alimtishia kuwa atapelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Ukishalijua hilo, tukio linauma zaidi, na si kwa namna nzuri. Chaplin naye alikuwa anacheza na jeraha lake: alikulia kwenye ufukara wa London na aliwahi kuwekwa kwenye taasisi za watoto maskini, na mwanawe wa kwanza alikufa akiwa na siku tatu, Julai 1919, mwaka huo huo alioanza kuipiga filamu hii.

Walio na watoto chini ya miaka sita wakae nao karibu hapo. Haichukui muda: mlofa anapita juu ya mapaa, anarukia gari, wanakumbatiana. Usipeleke mbele. Ukiruka kilio, ule mkumbatio hautakuwa na uzito wowote.

Kasoro ipo, na ni kubwa kiasi. Karibu na mwisho mlofa analala mlangoni na kuota mtaa wao umekuwa peponi, watu wana mabawa, mashetani wanaingia kuchochea ugomvi. Wapo wanaoipenda sehemu hii. Kwangu inasimamisha gari lililokuwa linakwenda vizuri, tena wakati ambao tunataka kujua mtoto yuko wapi. Watoto, kusema kweli, hawana neno, maana wanapenda mbwa mwenye mabawa.

Lugha isikutishe. Kadi za maandishi ni chache na fupi, za Kiingereza. Mteue mmoja azisome kwa Kiswahili kwa sauti, kama anayetafsiri kwenye kibanda umiza, ila asiongeze chumvi katikati ya matukio. Kadi mbili hazipaswi kukosewa. Moja ni ya ufunguzi, inayoahidi tabasamu na pengine chozi. Nyingine ni kikaratasi alichoachiwa kichanga, kinachoomba mtoto huyu yatima apendwe na atunzwe. Akisharopoka hiki cha pili kwa utani, hadithi imeharibika, kwa sababu kinarudi baadaye mkononi mwa daktari, na kwa kikaratasi hicho mama anatambua kwamba mtoto huyo ni wake.

Jitayarishe pia kwa swali la mwisho. Polisi anamleta mlofa kwenye nyumba kubwa, mtoto anamrukia, mama anawakaribisha, mlango unafungwa. Basi. Watoto watataka kujua kama anahamia humo au anakaribishwa chai tu, na Chaplin hakuacha kadi ya kujibu.