Mshauri wa kodi wa Lumumba aliyehesabu siku zangu moja moja

Mimi ni Mkenya, mtu wa Likoni, na Kigoma nimeletwa na kazi ya mkataba. Ofisi ninayoisifia iko barabara ya Lumumba, ukitokea stesheni ya reli kupanda kuelekea Mwanga, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Bango limefichwa na mwembe, kwa hiyo uliza. Mwenyewe ni mama wa makamo, yuko na kijana mmoja wa kumsaidia na feni moja. Nampa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu nitakayoitaja.

Niliingia Tanzania tarehe 3 Oktoba 2022. Mwaka huo nilikaa siku 90 tu, mwajiri akanikata asilimia 15, ile ya mfanyakazi asiye mkazi. Hapo hakukosea. Tatizo, 2023 waliendelea kukata hiyo hiyo mpaka Julai, ndipo mhasibu akashtuka kwamba nimeshavuka siku 183 na sasa ni mkazi wa kikodi. Wengi tunadhani ukazi ni nafuu. Kwa mshahara mdogo ni kweli, maana 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kitu. Mimi kiasi changu cha kukatwa kodi ni milioni 2.4. Kwa asilimia 15 ni 360,000. Kwa viwango vya mkazi, vinavyopanda 8, 20, 25 mpaka 30 kwa kila kinachozidi milioni moja, ni 548,000. Tofauti ya 188,000 kwa miezi saba wakaifidia kwenye mishahara mitatu. Nilikula dagaa mpaka nikaanza kunukia mwalo wa Kibirizi.

Basi 2024 mama yangu aliumwa, nikakaa sana nyumbani. Tanzania nilihesabu siku 168, nikashangilia: chini ya 183, basi si mkazi, narudi kwenye asilimia 15! Kijana mmoja hapa mjini akasema kwa laki tatu atanijazia ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka, na pesa zilizozidi zitarudi. Kijana huyo huyo aliwahi kunitoza elfu hamsini kunitafutia TIN, namba ya mlipakodi, ambayo TRA, mamlaka ya mapato ya huku, wanaitoa bure. Safari hii nilisita, na Februari 2025 jirani akanielekeza kwa mama wa Lumumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lete pasipoti."

Hakuuliza mshahara. Aligeuza kalenda ya mwaka uliopita upande mweupe, akaanza kuchora mistari: kuingia, kutoka, kuingia. Muhuri mmoja wa mpakani Sirari ulikuwa umelowa mvua, tarehe imebaki doa la zambarau. Akaupeleka dirishani, akauinamisha huku na huku, akasema hapa habahatishi mtu. Nikapekua mkoba mzima. Tiketi ya basi la Mwanza ilikuwa imekunjwa ndani ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ndiyo iliyotutoa.

Akapata 168, sawa na mimi. Nikatabasamu. Yeye akaandika 90, 301, 168, akajumlisha 559, akagawa kwa tatu: 186. Kumbe Sheria ya Kodi ya Mapato haina mlango mmoja wa kuingilia ukazi. Ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukaonekana hata sehemu ya mwaka, umo. Ukifikisha siku 183, umo. Na ukiwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka, umo vilevile. "Mlangoni umekwepa," akasema, "dirishani umeingia mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama nina kipato kingine hapa. Sina. Mwajiri anakata PAYE, ile kodi ya mshahara, na kuipeleka? Ndiyo. "Basi huna ritani ya kujaza." Laki tatu zikabaki mfukoni. Yeye alichukua elfu arobaini, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, akaitoa bila kuombwa.

Wakati nainuka nikamwambia, lakini mama, Likoni napokea kodi. Akanitazama juu ya miwani. "Unapokea kodi? Wewe ndiyo TRA?" Tukacheka, tukakubaliana tuiite pango. Ni vyumba vinne vya uani, 6,500 za Kenya kila kimoja. Akaeleza kwamba mtu ambaye ukazi wake Tanzania, maisha yake yote, haujazidi miaka miwili, kipato chake cha nje hakiguswi. Yangu 2023 na 2024 ndiyo miwili hiyo. Mwaka 2025 ni wa tatu, pango linaingia: makadirio ya kodi ya kulipa kwa awamu nne, na ritani kabla ya 30 Juni 2026. Nitunze kila risiti ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ili kodi niliyolipa Kenya ihesabiwe.

Sasa hiyo nyota. Upande wa Kenya alisema wazi haujui, na asingependa kunipoteza. Namheshimu kwa hilo, ila nyumbani kwangu bado ni Kenya, hivyo huko nako ni mkazi, na ritani yao mwisho ni 30 Juni, ukichelewa faini inaanzia shilingi 2,000. Usiku wa tarehe 29 nilikuwa peke yangu na iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani, na barua ya mwajiri ya PAYE niliyokatwa huku, maana Kenya humpunguzia raia wake kodi ya mshahara aliyokwisha kulipa ugenini. Ile ya pango, asilimia 7.5, nalipa 1,950 kila mwezi kabla ya tarehe 20.

Simu hapokei. Nenda asubuhi, wiki za mwisho za Machi usijaribu: benchi linajaa wafanyabiashara wa dagaa na mawese waliokuja kwa makadirio, na feni ni ile ile moja.

Aliniachia daftari dogo la kuandika siku. Juzi Ijumaa nimevuka mpaka wa Manyovu kwenda Bujumbura, nikaandika "kutoka" kabla hata sijapanda teksi. Jumapili jioni, "kuingia", na tiketi nikaibana kwa pini.