Kufuli la Geti: Tazama Mwanya Kabla ya Bei

Asubuhi moja nilikuta geti la stoo yangu ya Mbagala limeegeshwa tu, na kufuli liko chini, mwili wake mzima kabisa na ufunguo ukizunguka ndani yake bila tatizo. Kilichokatwa kilikuwa ule upinde wa chuma, na mkato wake ulikuwa laini kama wa muwa. Tangu siku hiyo siulizi uzito wa kufuli wala idadi ya funguo. Natazama mwanya ulioko kati ya mwili na upinde. Mwanya unaopitisha kidole gumba unapitisha pia ncha ya mtaimbo au mkasi wa kukatia nondo, na hapo mwili mnene haukusaidii kitu.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kuficha upendeleo wangu, Diskus ya Abus, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1924. Ni kufuli la duara ambalo upinde wake umejificha karibu wote ndani ya mwili, hivyo likishafungwa mwizi anabaki na sehemu ndogo mno ya kukata. Kwa kuwa haliingii kwenye kila komeo, mpelekee fundi wa kuchomelea kabla hajaweka pete za geti.

La pili ni kufuli lenye mabega, yaani mwili ulioinuka pande zote mbili kuukinga upinde, ambao usipungue unene wa milimita 10. Boksi likionyesha daraja la CEN, yaani kipimo cha Ulaya cha uimara wa kufuli, ambalo huanzia 1 hadi 6, chagua namba kubwa. Kufuli la upinde mrefu nimeliweka la tatu kwa ajili ya minyororo tu, na yale ya bei ya kutupa yafunge kabati la vyombo.

Kwa kuwa maboksi ya bandia ni mengi, mimi hubeba tupa: ikikwaruza upinde kwa urahisi, chuma hicho ni laini. Muuzaji mmoja wa Kariakoo, aliyeng'ang'ania bei yake kana kwamba anauza dhahabu, alinizuia akisema, "Dada, kufuli si embe la kuonja." Nilimwachia, nikaingia duka la jirani, ambako boksi lile lile lilikuwa na bei pungufu na muuzaji mwenyewe alinishikia kufuli nikiparuza.