Modeli ya uzi wa msuli: nimeipenda, ila milango ya kalsiamu haipo

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Modeli hii ya plastiki niliinunua Kariakoo, duka la vifaa vya maabara, shilingi 185,000 baada ya kuvutana bei. Ni nzito, imesimama imara kwenye kibao chake, na rangi haijachubuka ingawa imeshapita mikononi mwa mikondo miwili. Aktini, mayosini, mitokondria, vyote vinaonekana vizuri.

Kinachoniuma ni pale mfereji wa utando, ule unaopeleka umeme hadi ndani ya uzi, unapopakana na ghala la kalsiamu. Wameacha pengo tupu, upana wa kucha. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka kidole hapohapo akauliza, "Mwalimu, sasa ghala linajuaje kwamba umeme umefika?"

Jibu lote limo ndani ya pengo hilo. Humo hukaa risepta za rayanodini, milango inayomwaga kalsiamu ili msuli ujikunje. Kila mlango una vipande vinne vya protini vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na amino asidi zaidi ya 5,000. Kwenye utando wa mfereji, mbele yake, zipo protini zinazohisi umeme. Zikishtuka, zinausukuma mlango ufunguke.

Basi tukaijaza wenyewe. Choroko nne nne kwa supaglu upande wa ghala, na punje nne za ulezi upande wa mfereji, mlango mmoja zipo, unaofuata hazipo, kwa sababu ndivyo zilivyopangika kwenye msuli wa mifupa. Darasa lilitulia kimya likihesabu choroko.

Kijitabu chake nacho kina kosa: kinasema kalsiamu ya kukunja msuli huu hutoka nje ya seli. Hapana, hutoka ghalani. Ni moyo ndio unaohitaji kalsiamu kidogo iingie kwanza kutoka nje, ndipo hiyo ifungue milango ya ghala. Si jambo dogo hili. Wapo watu waliozaliwa na kasoro kwenye mlango huo wa misuli ya mifupa. Wakivutishwa baadhi ya gesi za usingizi kwenye upasuaji, mlango unakataa kufunga, misuli inakakamaa, joto la mwili linapanda hadi kuhatarisha maisha. Dawa yake, dantrolini, inaushika mlango huohuo.

Kwa kidato cha nne inatosha kama ilivyo. Kwa A-level inunueni, lakini kijitabu kaeni nacho mbali na wanafunzi. Choroko chagueni ndogo, kubwa hazipiti kwenye pengo.