Miezi 19 na Probox ya mkononi: wiki nzima kazini, Jumamosi tela la viti

Nianze na kazi ninayoipa hii Toyota Probox yangu, maana kumshauri mtu gari bila kujua anaendea wapi ni kumpimia kiatu kwenye simu. Naishi Kibaha, Maili Moja. Ofisi iko Gerezani, Kariakoo, na kwenda na kurudi ni kilomita 80 hivi kwa siku. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri. Ukichelewa dakika 20 tu, foleni ya Kimara inakufundisha adabu. Mwisho wa wiki nakodisha viti na maturubai: misiba, kipaimara, maulidi, sendoff. Viti vinapanda kwenye tela dogo la ekseli moja nililochomelewa hapa hapa Kibaha. Zamani asubuhi nilikuwa napanda daladala, na Jumamosi nakodi Kirikuu, kile kipickup kidogo cha mizigo. Kirikuu ilikuwa inakula faida yote, na dereva wake hakuwahi kufika saa tuliyopatana hata siku moja.

Nilipoanza kutafuta gari, kila niliyemuuliza alinitajia kubwa. Shemeji yangu alishikilia Noah old model. Jirani akasema bila pickup ya dizeli usijisumbue. Fundi mmoja wa mtaani akanipigia debe RAV4 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambayo, kwa bahati njema, ilikuwa inauzwa na mdogo wake.

Noah sikuikataa kwa dharau. Ile ya zamani, SR40 yenye injini ya 3S ya lita 2, inasukumwa na tairi za nyuma, na kwa kuvuta hilo ni jambo kubwa: uzito wa pua ya tela unakandamiza zile tairi zinazofanya kazi. Ila wenye nazo waliniambia kwenye foleni wanapata kilomita 8 kwa lita. Nikakaa na kikokotoo. Kilomita 80 mara siku 22 ni 1,760. Kwa Noah ni lita 220 kwa mwezi. Kwa gari ya cc 1500 inayokwenda kilomita 14 kwa lita ni lita 126. Tofauti ni lita 94, na siku nilizokuwa napiga hesabu petroli ilikuwa inacheza kwenye shilingi 3,000, kwa hiyo ni 282,000 kila mwezi. Tela naliburuta mara tano au sita kwa mwezi. Ningelipia injini kubwa siku 22 ili initumikie siku sita, na bado kwa ile 282,000 naweza kukodi Canter siku mzigo ukizidi.

RAV4 niliachana nayo baada ya kufungua boneti na kukuta ni D4. Kwa wasiofahamu, hizo petroli inaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa; pampu yake ikichoka bei inakuliza, na valvu za kuingizia hewa zinajaa masizi. Noah zilizofuata, zile AZR60, nyingi nazo zina D4, kwa hiyo anayekwambia "nunua Noah" muulize Noah ipi.

Ikabaki Probox, au Succeed ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja. Niliitaka NCP51, yenye injini ya 1NZ ya cc 1500, kwa sababu ya kizembe kabisa: injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Spacio na kwenye IST ya cc 1500, na mimi nafanya kazi Gerezani. Nikitoka mlangoni kwenda kula chapati, napita maduka manane yenye spea zake. Nilitaka pia gia za mkono. Probox za kuanzia toleo lililobadilishwa 2014 zina giaboksi ya CVT, oto isiyo na gia za hatua. Ni nzuri kwa mafuta, lakini kumfungia tela kila wiki mkanda wa chuma unaofanya kazi kwa kubanwa kati ya puli mbili, roho yangu ilikataa. Ile oto ya zamani ya gia nne ingefaa pia, mradi uzime overdrive (ile gia ya juu kabisa) unapovuta ili isihangaike kupanda na kushuka gia mpaka haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, ichemke.

Niliangalia tatu. Ya kwanza ilikuwa safi mno kwa bei yake. Nikainama nyuma nikakuta springi zimelala, tairi zimeliwa ndani, na kwenye bodi kuna matobo yaliyozibwa kwa puti pale keria ilipokuwa. Ilikuwa mchomoko, gari dogo la kubeba abiria. Imebeba watu tisa na mbuzi miaka yote ile, halafu ikaogeshwa. Dalali akaniambia, "Dada, hii ilikuwa ya mwalimu, anaendea kanisani tu." Nikamuuliza kama hilo kanisa lina ngazi. Ya pili ilikuwa inakula oili: asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu kisha inaacha, na ukienda saa sita mchana ikiwa na moto huoni kitu. Ndiyo maana ya tatu nilikwenda saa 12 asubuhi, nikaweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Ilikuwa ya baridi. Ikawaka mara moja, klachi ikakamata katikati ya njia ya pedali, stelingi haikuvuta upande. Namba D, rangi nyeupe iliyofifia kama sahani ya plastiki, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Nikatoa milioni 11 na laki tano, tukaenda kubadili umiliki TRA, nikarudi nayo Kibaha huku naimba.

Sasa kuvuta. Hapa ndipo nilipopigwa, na ningependa wewe usipigwe.

Gereji ya kwanza walinifungia chuma cha kuvutia kwa shilingi 180,000. Kilipendeza, kimepakwa rangi nyeusi, kile kichwa cha duara cha milimita 50 kinang'aa. Safari ya tatu nikaanza kusikia "ka, ka" kila nikipita tuta. Mdogo wangu akaingia chini na tochi ya simu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Dada, njoo uone mwenyewe." Walikuwa wamechomelea kwenye bati la nyuma, lile linaloshikilia bampa. Bati lilikuwa limepasuka kwa urefu wa kidole, limebakiza upande mmoja. Tela lenye viti vya watu 100 lilikuwa linaning'inia kwenye kitu chepesi kama debe. Niliporudi pale waliniambia mzigo wangu ndio mkubwa. Fundi wa pili alikata vyote, akafunga upya kwa bolti zinazopita kwenye mihimili miwili inayotembea chini ya bodi, na ndani akaweka vipande vya bati nene ili bolti zisitoboe. Shilingi 350,000. Tangu hapo hakujasikika kitu. Ukienda kufungiwa, usikubali kutoka mpaka uone mahali bolti zinapoishia.

Nyaya za taa nazo ziliunganishwa kienyeji, moja kwa moja kwenye waya za taa za gari, na ziliunguza fuse mara mbili. Mara ya pili niliendesha kutoka Mlandizi bila taa za breki usiku, nyuma yangu lori la Fuso. Fundi umeme akaweka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na balbu za LED kwenye tela, habari ikaisha.

Uzito. Kitabu nilichokikuta kwenye dashibodi ni Kijapani kitupu, ila mlango wa nyuma una stika yenye tarakimu: 400, na 250 kwenye mabano. Ni kilo: 400 mkiwa wawili mbele, 250 viti vyote vikiwa na watu. Kwa tela nilifuata kipimo cha Uingereza, kwamba lisilo na breki zake lisizidi nusu ya uzito wa gari, na kwa vyovyote lisizidi kilo 750. Probox ina tani moja na kidogo, hivyo mwisho wangu ni kilo 500. Nikaenda kwa muuza mchele nikamwomba mzani. Kiti kimoja cha plastiki, kilo 2.4. Viti 100, kilo 240. Tela tupu 190. Jumla 430. Mabomba ya maturubai ni mazito, hayo yanalala ndani ya gari, viti vya nyuma vimekunjwa. Muuza mchele alidhani nimeanza kuuza viti kwa kilo.

Kumbe kujua uzito haitoshi, lazima ujue umekaa wapi. Tulikuwa tunakwenda msibani Korogwe, na mdogo wangu alikuwa amepanga viti virefu nyuma ili mbele kubaki nafasi ya majiko. Kati ya Lugoba na Msata, kwenye mteremko, nikiwa 85, nikahisi mgongo wa gari unasukumwa kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto zaidi. Kwenye kioo tela lilikuwa linapunga kama mkia wa mbwa aliyemwona mwenye nyumba. Mguu ulitaka breki kwa nguvu zote. Sikukanyaga, nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika stelingi bila kupambana nayo, na lilipofika kama 60 likatulia lenyewe. Tulisimama pembeni, mikono inatetemeka, tukashusha viti vyote na kuvipanga upya, vingi vikiwa mbele kidogo ya ekseli. Sasa kabla ya kutoka nanyanyua pua ya tela kwa mikono: ikiwa nyepesi, natangua upangaji. Napenda iwe na kilo 35 mpaka 40 hivi, uzito wa mfuko wa saruji uliopungua. Na sizidi 75 nikiwa na tela, hata basi zikinipigia honi za matusi.

Mtihani mkubwa ulikuwa Lushoto. Kutoka Mombo unapanda kona juu ya kona, na barabara haina mahali pa kujuta. Gia ya pili karibu njia nzima, ya kwanza kwenye kona kali. Geji ya joto haikupanda, hilo naipa gari sifa. Kosa likawa langu: kabla ya Soni lori lilinisimamisha kwenye mwinuko, nikawa nashikilia gari kwa klachi badala ya handibreki. Ndani ya dakika moja ikaja ile harufu ya kucha zilizoungua. Tulipumzika nusu saa, tukanunua matunda ya damu, tukaendelea. Kurudi nilishuka na gia ya pili, breki nagusa na kuachia, lakini pedi nilizibadilisha wiki iliyofuata. Gari ya cc 1500 inapanda Lushoto na tela, ndiyo. Kila wiki? Hapana, hapo mfuate shemeji na Noah yake.

Udhaifu mwingine ni matope. Tairi zinazovuta gari ni za mbele, na tela linaikalisha gari kwa nyuma, kwa hiyo mbele panakuwa pepesi. Kwenye kiwanja kimoja Mlandizi, baada ya mvua, zilizunguka tu kama feni mpaka vijana wa msibani wakatusukuma. Sasa mvua ikinyesha nafungua tela barabarani, nalisukumia ndani kwa watu.

Matumizi ya mafuta napima kwa kujaza hadi kituo kikate, naandika, kisha najaza tena. Kwenda kazini kawaida ni 14, foleni ikichacha 12. Na tela, mwendo wa 70 mpaka 75, napata 10. Nikiwasha kiyoyozi huku navuta tela, gari inanuna waziwazi.

Kama chombo cha kukaa ndani, Probox ni adhabu ya heshima. Kelele nyingi, viti vyembamba, na mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima mpaka wanangu wanauliza wamekosa nini. Mlandizi watu wananipungia mkono wakidhani ni mchomoko. Mama mmoja alishafungua mlango kabisa akaingiza kikapu.

Kwa miezi 19 nimebadilisha pedi za mbele, shokapu mbili za nyuma, betri, plagi, na beringi moja ya tela ambayo niliisahau kuipaka grisi. Klachi bado ni ile ile pamoja na dhambi ya Soni. Oili namwaga kila kilomita 5,000.

Shemeji sasa anataka na yeye aanze biashara ya kukodisha majenereta, na amerudi kuniuliza kama Probox itavuta. Nimemwambia apeleke kwanza jenereta kwa muuza mchele.