Matangi matatu mezani: la 60, la 90 na lile la mnara

Habari zenu, watazamaji wangu. Karibuni tena sebuleni kwangu hapa Bombo, Uganda. Leo meza imejaa, mnaiona wenyewe. Kuna tangi la samaki la sentimita 60, kuna la 90 pale kwenye stendi ya chuma, na kuna hili la kusimama ambalo watoto wa hapa wamelibatiza jina la mnara. Na hapa mbele, msinicheke, kuna sahani yenye ngege (sato) mzima na mukene (dagaa) sita wakavu. Hao si wa kufuga. Kazi yao mtaiona.

Matangi yote matatu nimekaa nayo miezi minane, kila moja likiwa na samaki mchanganyiko wa maji baridi. Nikisema maji baridi namaanisha si ya bahari. Mambo ya ujoto tutayafikia. Yote yametengenezwa na mafundi wetu wa vioo Kampala, hakuna la kutoka nje. Bei sitaji. Nikitaja leo, wiki ijayo fundi amebadilisha, halafu mnanitukana mimi kwenye komenti.

Swali linaloniandama ni lile lile: "Nataka kuchanganya samaki, nichukue tangi la lita ngapi?" Haya. Mpwa wangu, sogeza kamera karibu.

Hili la 60. Napima kwa futi ya fundi: urefu 60, upana 30, kwenda juu 36. Zidisha zote, gawanya kwa 1,000, unapata lita 64.8. Fundi atakuambia ni la 65, na hajadanganya. Lakini siku ya kulijaza nilitumia dumu la njano la lita 20, lile ambalo kila nyumba Uganda inalo. Dumu la kwanza likaingia, la pili likaingia, la tatu lilipofika nusu nikasimama. Lita 50 basi. Nyingine zimekwenda wapi? Mchanga umechukua nafasi, mawe yamechukua, gogo limechukua, na juu nimeacha kama vidole viwili ili samaki wasiruke nje. Kwa hiyo ukiambiwa lita, uliza madumu. Samaki wako ataishi ndani ya madumu mawili na nusu, si ndani ya hesabu ya fundi.

La 90 ni 90 kwa 45 kwa 45. Kwa hesabu ni lita 182. Madumu yaliyoingia ni saba na nusu, yaani lita 150.

Mnara ni 40 kwa 40 kwa 70 kwenda juu. Lita 112 kwa hesabu, madumu matano kwa kumimina. Kwa hiyo mnara una maji mara mbili ya lile la 60, na ukiwa dukani utasema hapa ndipo pa kununua: halichukui nafasi, linapendeza kwenye kona, wageni wanashangaa. Mimi pia nilisema hivyo hivyo.

Sasa tazameni kwa juu. Hapa juu ndipo hewa inapoingilia majini. Uso wa maji wa tangi la 60 ni 60 mara 30, sentimita za mraba 1,800. Wa mnara ni 40 mara 40, 1,600. Mmeona? Maji mara mbili, lakini dirisha la kupumulia ni dogo kuliko la yule mdogo wake! La 90 lina 4,050. Na sakafu ni hivyo hivyo, kwa sababu chini na juu ni sawa. Samaki wengi tunaowafuga huogelea kwenda mbele na kurudi. Wachache sana wana habari na ghorofa.

Hili sikulijua kwa kusoma, nililijua usiku mmoja. Mnara niliupangia samaki wadogo wa mapambo kwa kuhesabu lita: gapi, neoni, koridora, jumla zaidi ya 20. Umeme ukakatika saa nne usiku, pampu zikanyamaza zote, nikalala. Saa kumi alfajiri nikaamka kwenda msalani, nikamulika tochi. Kwenye la 90, kimya, kila mtu kwenye shughuli zake. Kwenye mnara, banange, samaki wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji wanahema kama watu waliokimbilia taksi. Nilichukua jagi, nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu yaanguke kwa kishindo, maana yakipiga uso kwa nguvu huchukua hewa. Nilifanya hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Nikapoteza neoni watatu.

Na kuna usafi. Angalieni. Naingiza mkono... mpaka kwapani, na vidole bado havijagusa mchanga. Mmea ukingʼoka huko chini unahitaji koleo refu au mtoto mwenye mkono mrefu. Halafu maskini koridora. Huyu ni samaki wa chini, lakini ana tabia ya kupanda juu ghafla kumeza hewa na kurudi. Kwenye la 60 ni safari fupi. Hapa ni kupanda ngazi kutwa.

Sasa sahani yangu. Kuna kanuni wanayoipenda wauzaji: jumlisha urefu wa samaki wako, kila sentimita moja ipe lita mbili, basi. Ngege huyu nimempima, sentimita 30. Mukene hawa kila mmoja ni kama sentimita tano, sita kwa pamoja ni 30. Kwa kanuni hiyo ngege mmoja na mukene sita ni sawa, wanahitaji tangi moja. Tuwaweke kwenye mizani ya jikoni. Ngege... zaidi ya nusu kilo. Mukene... mizani hata haijashtuka. Mtasema mukene ni wakavu. Sawa, waloweke, bado. Samaki akirefuka hurefuka, hutanuka na hunenepa kwa pamoja, kwa hiyo mwenye urefu mara sita anakaribia uzito mara mia mbili. Naye anakula kwa uzito huo na kunya kwa uzito huo. Kanuni ya sentimita itumie kwa samaki wadogo wembamba tu, gapi na neoni, na usiiamini sana hata hapo.

Na upime urefu wa ukubwani, si wa dukani. Kuna duka moja mjini niliuziwa pleko, samaki wa kulamba kioo, wa sentimita tano, nikaambiwa "huyu anasafisha kioo, hakui". Pleko wa kawaida hupita sentimita 30. Huyo wangu alipofika 20 alikuwa akigeuka ndani ya tangi anangʼoa mimea kwa mkia, na kinyesi chake ni kamba ndefu zisizoisha. Kioo kweli alikisafisha, sitamsingizia.

Basi la 60 linafaa nini? Linafaa, lakini kwa adabu. Langu lina gapi madume saba na koridora wale wadogo kabisa sita. Madume tu, kwa sababu ukichanganya na majike, gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na baada ya miezi michache hutakuwa na swali la tangi, utakuwa na swali la nani umgawie samaki. Ukikosa kubadilisha maji wiki moja, la 60 linakuambia mara moja. Watu wanadhani tangi dogo ndilo la mwanafunzi. Hapana. Chakula kilichobaki na kinyesi vinageuka amonia, sumu kwa samaki, na amonia hiyo hiyo iliyozama kwenye madumu saba haitasumbua kama ikiwa kwenye mawili. Tangi dogo halina msamaha.

Ujoto nao ni hivyo. Huku kwetu usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 17 au 18, mchana ukapanda kupita 27. Maji machache hufuata hewa haraka. La 90 langu linakaa 23 au 24 bila hita na neoni wameridhika. Samaki wa kutaka joto la 28 ni hadithi nyingine, huyo mnunulie hita.

Tangi la 90 ndilo ninalolipa kura yangu. Ndani kuna neoni 12, koridora sita wa kawaida na gurami wawili wadogo wa rangi ya asali. Neoni wanashika katikati, koridora chini, gurami wanazurura juu. Neoni ukiwaweka wawili watatu hujificha nyuma ya gogo, huwaoni. Wakiwa kumi na zaidi na wana urefu wa kukimbilia, wanajipanga na kwenda pamoja kama wanafunzi wa bodingi. Urefu huo ndio unaoununua.

Kasoro zake? Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 150. Kioo cha milimita 8 kama hiki kinakaribia kilo 32, ongeza mchanga na mawe, umepita kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi yamekaa kwenye kona moja ya sebule, usiku na mchana. Meza ya televisheni haiwezi. Stendi yangu niliichomelesha kwa mafundi wa Katwe, Kampala, nikaiweka pimamaji kila upande kabla ya dumu la kwanza, na chini ya kioo nikatandika foma. Tangi likiinama kidogo tu, maji yanaelemea upande mmoja na silikoni ndiyo inayoteseka. Kulifikisha hapa ilikuwa vituko. Nililipia viti vitatu kwenye taksi kutoka Kampala, na kondakta bado akataka nilipakate.

Dada mmoja wa Jinja ameniuliza, "Nikiwa na tangi kubwa kabisa, naweza kuweka samaki wowote?" Dada yangu, wewe unaishi ufukweni mwa jibu. Ziwa letu la Viktoria lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Sangara, mputa kama mnavyomwita, aliletwa ndani yake miaka ya 1950 na 1960, na miongo iliyofuata aina nyingi za nkejje, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikapotea. Uchafuzi wa maji nao ulichangia, lakini mdomo wa sangara ulifanya kazi yake. Ikiwa ziwa zima halikutosha, tangi lako litatosha vipi? Samaki malaika akikomaa anameza neoni mmoja mmoja usiku, asubuhi unahesabu 11, kesho kumi. Oska, yule mkubwa mwenye mdomo mpana, ndiyo usiseme. Ukubwa wa tangi unapunguza ugomvi wa nafasi. Mdomo haupunguzi. Na hao nkejje wenyewe, wale Watanzania wanaowaita furu, ni wazuri mno, dume anawaka rangi kama kitenge kipya, lakini wape tangi lao. Kwa neoni ni wababe.

Samaki wa dhahabu naye mwacheni nje ya mchanganyiko huu. Anapenda ubaridi, anachafua, anakua mkubwa.

Haraka haraka kwa wanaoanza: tangi lolote mtakalochagua, lijazeni, washeni filta, na msimimine samaki wote siku hiyo hiyo. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti isiyo kali, huchukua wiki nne hadi sita kujenga makao. Maji ya bomba yana klorini, yaacheni kwenye beseni wazi siku nzima, au tieni dawa ya kuiondoa.

Mnara nimeamua kuutoa. Samaki wake nimewahamishia kwa jamaa yangu mwenye tangi la mita moja, na mimi nitaufanya wa mimea tu, au auchukue yeyote anayeutaka. Aje na taksi yake, mimi na kondakta hatuongei tena.

Maswali yaacheni chini, andikeni urefu, upana na kwenda juu, nisije nikaanza kubahatisha. Mimi nakata hapa, maana mama anaita kutoka jikoni, mafuta yameshapata moto na ngege wake bado yuko kwenye mizani yangu.