TAHADHARI: Makopo ya gesi ya kambi yaliyojazwa kienyeji yanauzwa Malindi

Ndugu zangu wa Malindi, Mambrui na Watamu, na nyinyi wa Lamu mnaoagizia vitu huku, kuna mtu anauza kwa simu majiko madogo ya gesi ya kubeba begini, pamoja na makopo yake. Picha zake ni nzuri, anajibu haraka, na bei yake iko chini kidogo ya wengine. Msinunue gesi yake. Hivi ninavyoandika, mpwa wangu wa miaka 14 amefungwa bandeji mkono wa kulia, na tunamshukuru Mungu kwamba moto haukumfika usoni.

Mimi hupeleka vijana wa mtaani kulala nje mara mbili tatu kwa mwaka. Safari hii tulikuwa tunakwenda kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, na nilichoka kubeba jiko la makaa na gunia lake. Nikaona tangazo: jiko la kukunjwa la gramu 25, "titaniamu halisi", shilingi 3,200, na makopo ya gesi ya gramu 230 kwa shilingi 1,500 kila moja. Nikamwambia nataka matatu. Akaniuliza, "Kaka, mnakwenda kulala nje usiku? Basi chukua hii ya milimani, ya kawaida itaganda." Akaongeza shilingi 400 kwa kila kopo, nami nikalipa.

Hapo ndipo ningeamka. Butani, gesi inayotiwa kwenye makopo ya kawaida, huacha kugeuka mvuke baridi ikifika karibu nyuzi sifuri. Gesi nyingine mbili huvumilia zaidi: isobutani hadi kama nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana anayepanda Mlima Kenya hutafuta mchanganyiko wenye hizo mbili. Lakini Mambrui? Usiku wetu wa baridi kabisa bado mtu analala na shuka moja. Kopo la butani peke yake linatosha pwani nzima, kuanzia Vanga hadi Kiunga, mwaka mzima. Muuzaji anayekuuzia gesi ya theluji Malindi ama hajui anachouza, ama anajua kwamba wewe hujui.

Mzigo ulikuja na boda. Makopo yalikuwa na rangi nzuri, ila mawili hayakuwa na kile kifuniko cha plastiki juu ya valvu, na hesi zake, ile mikato ya kufungia jiko, zilikuwa zimeshachubuka. Chini, mahali pa namba za kiwandani, palikuwa pamekwaruzwa. Niliyaona yote hayo, nikajiambia ni safari ndefu kutoka Mombasa.

Tulipiga kambi kwenye bonde dogo katikati ya vilima, kwa sababu kusi ilikuwa inavuma sana na mchanga ulikuwa unaingia kwenye chakula. Dada yangu alikuwa na jiko lake la makaa hatua nne kutoka kwetu, anachoma changu. Mpwa wangu akashika kopo, mimi nikafunga jiko juu yake. Likaanza kutoa sauti ya sss. Nikakaza, sauti ikazidi. Nikalifungua kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kopo zima lenye valvu nzima hujifunga lenyewe ukitoa jiko. Hili liliendelea kuvuja. Nikamwambia mtoto alitupe. Kabla hajalitupa, moto ulipita chini kwa chini kutoka kwenye makaa hadi mkononi mwake, kama mtu aliyevuta kitambaa cha buluu juu ya mchanga.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikapotea, inashuka na kutulia mahali pa chini. Lile bonde nililolichagua kukimbia upepo ndilo lililoikusanya. Kosa la kuwasha gesi karibu na makaa ni langu, na dada yangu ameshaniambia hivyo mara nyingi za kutosha. Lakini kopo zima halingevuja.

Tulimmwagia mkono maji yetu ya kunywa dakika ishirini mfululizo, madumu mawili. Kuna aliyetaka kupaka dawa ya meno, nikamkataza. Daktari alituambia maji yale ndiyo yaliyookoa ngozi.

Niliporudi mjini niliyapeleka makopo mawili yaliyobaki dukani kwa jirani mwenye mizani ya dijitali. Kopo la gramu 230 za gesi, ukijumlisha na bati lake, huwa na uzito wa kama gramu 380. Moja lilikuwa 407. La pili 352. Lebo moja, rangi moja, na tofauti ya gramu 55! Kiwanda hakijazi hivyo. Lile la 352 ni wizi wa kawaida. Lile la 407 ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu gesi iliyomo imeshindiliwa ikawa kimiminika, na kimiminika hicho hutanuka kwa joto. Ndiyo maana kiwanda huacha nafasi tupu ndani. Ukiijaza nafasi hiyo, kisha uliache kopo kwenye tuktuk juani saa saba mchana, bati halina pa kwenda ila kupasuka.

Fundi mmoja wa mitungi alinieleza biashara ilivyo. Wageni hawaruhusiwi kupanda ndege na gesi hata kwenye mizigo ya chini, kwa hiyo wakiondoka uwanja wa ndege wa Malindi au wa Manda, kule Lamu, huacha makopo yao hotelini. Yanaokotwa, yanajazwa gesi ya mtungi wa nyumbani, yanafutwa vumbi, yanauzwa upya. Na gesi ya nyumbani huenda ikawa na propani nyingi. Kwenye joto la nyuzi 40, butani husukuma kwa nguvu isiyofika bar 4 (bar ni kipimo cha shinikizo), propani hupita bar 13. Mtungi wa nyumbani una chuma kinene kwa sababu hiyo. Kopo la kambi ni bati jembamba, nalo limeundwa litumike mara moja tu. Kujaza gesi bila leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, ni kosa pia, hata kama mtu anafanyia uani kwake.

Na jiko lenyewe? Niliweka sumaku, ikanasa. Titaniamu haishikwi na sumaku. Msichukue hiki kuwa kipimo kamili, maana ziko aina za chuma kisichoshika kutu ambazo nazo hazinasi, lakini ikinasa, umedanganywa. Kile kipete cheusi cha mpira kinachozuia gesi kuvuja kilikuwa kimepasuka tangu kwenye boksi.

Nilipomwandikia, alisema "kaka umelitumia vibaya". Nilipomtumia picha ya mizani alinifungia namba. Siku mbili baadaye tangazo likarudi kwa jina lingine, picha zilezile.

Mkihitaji gesi, nunueni mkono kwa mkono, mahali ambapo muuzaji anakubali kopo lipimwe mbele yenu. Tazameni kifuniko, hesi, na namba za chini. Lamu tazameni na kutu, chumvi ya bahari inakula bati upesi kwenye ukingo. Mkishafunga jiko, pakeni povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kiberiti. Kusi ikiwasumbua, kingeni jiko upande mmoja tu, msilizungushie kopo bati pande zote, linapata joto kama chungu. Na msiwashe ndani ya hema kamwe.

Kama tayari unayo makopo haya, yaweke nje, kivulini, mbali na moto, na usiyatupe jaani, kwa sababu taka zetu huchomwa. Mimi nimeshaandikisha taarifa kituoni na nimehifadhi makopo mawili, ujumbe wote na risiti ya M-Pesa. Askari ameniambia malalamiko ya mtu mmoja huchelewa. Aliyenunua kwake, hata kama gesi yako haikuvuja, niandikie. Jumatatu asubuhi narudi kituoni, twende pamoja.